Chauncy Maples, Mwalimu Kijana wa Masasi na Newala

Wengi wetu wa Mnyambe tumefika Newala mjini. Wengine tulikwenda kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengine kwa gari la korosho. Ukifika Newala na kusimama kwenye ukingo wa mwinuko, unaliona bonde la mto Ruvuma limelala chini yako. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Zaidi ya miaka 140 iliyopita, kijana mmoja Mwingereza alikuja kuishi juu ya mwinuko huu. Jina lake lilikuwa Chauncy Maples. Alikuja kufundisha. Kwao hakuwa mwalimu. Hakujua Kiswahili, wala Kimakonde, wala Kiyao, wala Kimakua. Hakulipwa mshahara. Siku hizi tunawaona vijana kutoka nchi za mbali wanakuja kujitolea shuleni, wanafundisha Kiingereza miezi mitatu au mwaka mmoja, kisha wanarudi kwao. Maples alikaa miaka 19, na hakurudi kuishi kwao.

Hii ni habari ya maisha yake.

KUZALIWA NA KUSOMA

Maples alizaliwa tarehe 17 Februari 1852, karibu na jiji la London. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo. Alisoma shule ya Charterhouse, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Alipenda muziki na vitabu.

Huko Oxford alikuwa na rafiki aliyeitwa William Percival Johnson. Huyu Johnson alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa kazi ya serikali ya Waingereza huko Bara Hindi. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara mnono. Mzazi yeyote angefurahi.

Wakati huo Askofu Edward Steere alikuwa akitafuta watu wa kwenda naye Unguja. Steere alikuwa kiongozi wa misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilianzishwa baada ya msafiri David Livingstone kuwahutubia wanafunzi wa Cambridge mwaka 1857. Watu wa misheni hiyo walipewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo tu ya kununulia nguo. Mshahara haukuwapo.

Tena watu walijua hatari. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, baada ya muda mfupi tu tangu afike Afrika. Wengine wengi walimfuata kaburini. Dawa ya kwinini ilikuwapo, lakini hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Watu walidhani homa inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Kwa hiyo kijana aliyeaga kwao alijua kwamba huenda haoni tena mlango wa nyumba yao.

Maples na Johnson wakakubali kwenda wote wawili. Johnson akaiacha kazi ya Bara Hindi. Mwaka 1876 wakafika Unguja. Maples alikuwa na umri wa miaka 24.

UNGUJA MWAKA 1876

Unguja waliyoiona ilikuwa katika mabadiliko. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mahali pa soko hilo Askofu Steere alikuwa akijenga kanisa la mawe. Jengo hilo lipo mpaka leo pale Mkunazini.

Lakini kufunga soko si kumaliza utumwa. Manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi yaliyopakia watumwa baharini, na watu waliokutwa ndani wakaachwa huru. Wengi wao walikuwa wamekamatwa huku kwetu kusini, au ng'ambo ya Ruvuma, au karibu na Ziwa Nyasa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Walitembezwa mpaka Kilwa, wakapakiwa. Watoto wengi hawakuweza kusema kijiji chao kiko wapi. Wengine walisahau hata lugha ya mama zao.

Baadhi ya watu hao walikabidhiwa kwa misheni. Wavulana walipelekwa shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji. Hapo walisoma, na baadhi yao walifundishwa kuwa walimu.

Walifundishwa kwa lugha gani? Swali hili lilikuwa kubwa wakati ule, na bado ni kubwa katika nchi yetu. Askofu Steere alikuwa na msimamo wake. Aliona kwamba mtoto wa Kiafrika asigeuzwe kuwa Mwingereza wa bandia. Afundishwe kwa lugha inayoeleweka, akae na watu wake, ale chakula cha watu wake. Kiingereza kilifundishwa Kiungani kwa wanafunzi waliosonga mbele. Masomo ya kila siku yalikuwa kwa Kiswahili. Steere mwenyewe alitoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870, na kingine cha Kiyao mwaka 1871. Hata Kimakonde alikikusanyia maneno, yakapigwa chapa Unguja mwaka 1876. Ni jambo la kufikiriwa na sisi Wamakonde: lugha yetu iliandikwa katika kitabu mwaka uleule Maples alipofika.

Basi kijana huyu aliyetoka chuo kikuu alikuta kwamba Kiingereza chake kizuri hakikuwa na kazi kubwa. Ilimpasa kukaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza. Alianza na Kiswahili.

WATU WALIOCHOKA NJIANI

Mwaka huohuo wa 1876, Steere alifanya jambo gumu. Alichukua watu zaidi ya 50 kati ya wale walioachwa huru, wanaume na wanawake, akavuka nao mpaka Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha katika nchi walikotoka, upande wa Ziwa Nyasa, ili wajenge kijiji chao.

Kutoka Lindi walitembea wakiwa na mizigo vichwani. Mwezi wa Novemba wakafika Masasi. Ninyi mliofika Masasi mnaijua ile milima ya mawe inayosimama peke yake katika tambarare. Chini ya milima hiyo palikuwa na maji, ardhi nzuri na watu wachache. Wasafiri walikuwa wamechoka. Wakasema hapa panatosha. Wengine walipaona kama kwao. Steere aliwasikiliza, akaiacha safari ya ziwani. Kijiji kikaanza.

Johnson alikaa nao tangu mwanzo. Mwaka 1877 Maples naye akatoka Unguja, akajiunga nao Masasi.

KAZI YA MASASI

Hapo ndipo Maples alipojifunza ualimu. Hakuna aliyemwonyesha. Asubuhi watoto walikuja darasani, nao watu wazima walikwenda mashambani. Vitabu vilikuwa vichache. Vilipigwa chapa Unguja katika mitambo ya misheni, vikaja kwa jahazi mpaka Lindi, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Mvua ikinyesha njiani, vingine viliharibika. Wapagazi walilipwa kwa nguo, yaani merekani na kaniki, maana fedha haikuwa na kazi bara. Basi mwalimu alikuwa pia mhesabu wa nguo na mgawaji wa chumvi.

Tena alikuwa mganga wa vidonda na homa, ingawa hakusomea. Na homa haikumwacha yeye mwenyewe.

Jambo lililompa shida ni lugha. Watu wa kijiji walikisema Kiswahili walichojifunza Unguja. Lakini majirani wote waliozunguka Masasi walikuwa Wamakua na Wayao. Mwalimu aliyetaka kuwafundisha majirani ilimbidi kuanza upya. Mtu wa Unguja anasema maji. Myao anasema mesi. Mmakonde anasema medi. Mmakua naye ana neno lake. Maples alikuwa akisikiliza na kuandika. Mtoto aliyekuwa mwanafunzi wake asubuhi alikuwa mwalimu wake jioni.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua jambo hilo lina uzito gani. Mtu mzima akikosea mbele ya watoto, anaona haya. Maples alikosea mbele ya watoto kwa miaka. Mwaka 1879 kikatoka London kitabu chake cha maneno na sarufi ya Kimakua. Hakikuwa kitabu kikubwa. Kwa maoni yangu, ndicho kitu cha kwanza alichokifanya vizuri kama mwalimu, na alikifanya kwa kufundishwa na watu wa Masasi. Majina yao hayakuandikwa kwenye jalada.

Alipenda pia kutembea. Aliandika habari za Masasi na bonde la Ruvuma, nazo zikachapishwa na Chama cha Jiografia cha London mwaka 1880. Baadaye alivuka Ruvuma, akatembea kusini katika nchi ya Wamakua ya Meto. Habari za safari hiyo zilichapishwa mwaka 1882.

Lakini si kila kitu kilikwenda sawa. Kijiji cha Masasi kilikuwa na sheria zake, zilizowekwa na wamisionari. Mtu akiiba au kupigana, aliletwa mbele yao. Hivyo vijana wa Kiingereza waliokuja kufundisha wakajikuta mahakimu, wanaamua kesi na kutoa adhabu. Nani aliwapa mamlaka hayo? Hakuna Sultani wala chifu aliyewaweka kuwa watawala. Wenyewe katika misheni walibishana sana juu ya jambo hili, na baadaye njia hiyo iliachwa. Watu wale walikuwa wametoka katika utumwa. Haikuwa rahisi kwao kupata bwana mwingine, hata akiwa bwana mpole.

SEPTEMBA 1882

Sasa tunafika kwenye jambo zito.

Wakati ule nchi yote ya kusini iliishi kwa hofu ya Wangoni waliotoka upande wa Songea. Watu wa huku waliwaita Magwangwara, au Maviti. Walikuja kwa ghafla wakiwa na ngao na mikuki, wakachoma vijiji, wakachukua chakula na watu. Ndiyo maana babu zetu Wamakonde walipanda juu ya mwinuko, wakajenga vijiji ndani ya vichaka vinene. Njia zilikuwa nyembamba, na adui aliyeingia asiyeijua njia alikwama. Wamakonde waliteseka kwa kukosa maji huku juu, lakini walilala usingizi.

Masasi haikuwa na kichaka cha namna hiyo. Ilikuwa wazi. Tena kijiji kilikuwa kimekua, kina mashamba, kina nyumba nzuri na maghala. Sifa zake zilisikika mbali.

Mwezi wa Agosti 1882, Askofu Steere alikufa Unguja. Kijiji kikawa kimempoteza mwanzilishi wake. Wiki chache baadaye, katikati ya Septemba, Maviti wakaingia Masasi.

Wamisionari walikuwa wameamua kutopigana. Huenda walikuwa na haki. Bunduki zao chache zisingeweza kulizuia jeshi, na kama wangeanza kupiga risasi, watu wengi zaidi wangeuawa. Watu wakakimbilia milimani na porini. Nyumba zikachomwa. Watu waliuawa. Wengine, wanaume, wanawake na watoto, wakafungwa na kuchukuliwa mateka.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Fikiri juu ya mtu mmoja kati ya wale. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa. Akapakiwa katika jahazi, manowari ikamkuta, akaachwa huru. Akalelewa Unguja, akaoa. Akaambiwa kwamba sasa anarudi nyumbani, atalima shamba lake mwenyewe. Akatembea kutoka Lindi, akajenga Masasi, akapanda mtama, akazaa mtoto. Kisha asubuhi moja ya Septemba anafungwa kamba tena.

Mwenzake Maples, aliyeitwa William Porter, aliwafuata Wangoni mpaka nchi yao kutafuta njia ya kuwakomboa mateka. Safari hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Wapo waliorudi, na wapo ambao hawakuonekana tena.

Maples alikuwa na umri wa miaka 30. Wale watu walimwamini. Wengine walikuja Masasi kwa sababu misheni iliwaambia kuna nafasi ya kuishi kwa amani. Kazi ya miaka sita ilikuwa imekuwa majivu, na hesabu ya waliopotea haikuweza kulipwa kwa nguo wala kwa maneno. Mtu mwingine angepanda meli na kurudi London, na hakuna ambaye angemlaumu.

NEWALA KWA MATOLA

Maples alipanda huku kwetu.

Newala palikuwa na chifu aliyeitwa Matola. Alikuwa Myao, lakini chini yake walikaa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamatambwe. Matola alikuwa mtu wa akili na subira. Alikuwa amewajua wamisionari tangu Steere alipopita nchi hii, na alikuwa ameonyesha urafiki. Sasa aliwapa mahali pa kukaa.

Kwa hiyo mambo yaligeuka. Masasi wamisionari walikuwa wenye mji, na watu waliwategemea. Newala wao ndio waliokuwa wageni, na mwenye mji alikuwa Matola. Kesi ziliamuliwa na Matola. Ulinzi ulikuwa wa Matola na wa ukingo wa mwinuko. Maples alibaki na kazi aliyoijia, yaani kufundisha. Naona kwamba hapa ndipo alipokaa mahali pake.

Baadhi ya watu wa Masasi walimfuata Newala. Wengine walikata tamaa na nchi ya bara, wakarudi pwani na Unguja. Baadaye Porter alikifungua tena kituo cha Masasi.

Maisha ya Newala yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Wazee wetu wanajua, kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, mama aliteremka bondeni usiku, akapanda na mtungi kichwani, jua likamkuta njiani. Nyumba ya misheni ilikunywa maji yaleyale, yaliyobebwa kwa vichwa vilevile. Usiku kulikuwa na baridi ya mwinuko. Maples alijenga, akafungua shule, akawa na wanafunzi wachache kuliko aliokuwa nao Masasi.

MWALIMU WA KIYAO

Hapa lazima nimtaje mtu mwingine, maana bila yeye habari hii ingekuwa ya Wazungu peke yao.

Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akaachwa huru, akalelewa na misheni huko Unguja. Alikuwa hodari sana katika masomo, akapelekwa kusoma Uingereza katika chuo cha Canterbury. Mwaka 1886 aliletwa Chitangali, ambayo leo tunaiita Kitangari, kwa chifu Nakaam. Wasomaji wa Mnyambe wanajua kwamba hapo si mbali na kwetu.

Majaliwa hakuhitaji kujifunza Kiyao kwa kuandika maneno katika daftari. Alikuwa na familia. Alikaa kijijini kama watu wengine. Shule yake ikajaa, na Nakaam mwenyewe akawa rafiki na mwanafunzi wake. Mwaka 1890 Majaliwa akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni hiyo. Kazi ambayo Mwingereza aliihangaikia kwa miaka, Majaliwa aliifanya kwa muda mfupi. Maples alipokuwa Uingereza anasoma mashairi, Majaliwa alikuwa amekwisha kuvuka bahari bila ya kutaka. Mmoja alikuja huku kwa hiari. Mwingine alirudi.

LIKOMA

Mwaka 1886 Maples aliondoka nchi ya Newala. Alikwenda Ziwa Nyasa, katika kisiwa kidogo kinachoitwa Likoma. Kisiwa hicho kiko karibu na pwani ya Msumbiji, lakini leo ni sehemu ya Malawi. Rafiki yake Johnson alikuwa amekichagua mwaka uliotangulia. Huko Maples akaanza tena darasa la kwanza, maana watu wa Likoma walisema Kinyanja.

Alikaa Likoma miaka tisa. Shule ziliongezeka, visiwani na katika vijiji vya pwani ya ziwa. Waliokosekana ni walimu. Mwingereza mmoja hawezi kufundisha vijiji ishirini, na homa ikimshika, hafundishi hata kimoja. Ilionekana wazi kwamba ni lazima wafundishwe vijana wa hukohuko, nao wafundishe wenzao.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka 1895 Maples aliitwa Uingereza kufanywa askofu. Tarehe 29 Juni mwaka huo aliwekwa wakfu London. Angeweza kupumzika kidogo kwa jamaa zake. Hakupumzika. Aliharakisha kurudi ziwani.

Mwanzoni mwa Septemba alikuwa katika Ziwa Nyasa, ndani ya mashua ya tanga, akielekea kaskazini. Ziwa hilo si la mchezo. Upepo wa kusini unaweza kuanza ghafla, na mawimbi yake huwa makubwa kama ya bahari. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, karibu na Salima, dhoruba iliipiga mashua, ikapinduka.

Maples alikuwa amevaa kanzu ndefu ya kikasisi. Kanzu ililowa, ikawa nzito. Mabaharia, vijana wa ziwani, walijaribu kumshika na kuogelea naye. Alipoona kwamba watakufa pamoja naye, aliwaambia wamwachie, wajiokoe. Mwenzake Mwingereza aliyeitwa Joseph Williams naye akazama. Mabaharia walifika pwani.

Mwili wa Maples ulipatikana, ukazikwa Nkhotakota. Alikuwa na umri wa miaka 43. Hakufika Likoma hata siku moja akiwa askofu.

MELI YENYE JINA LAKE

Baada ya kifo chake, misheni iliamua kutengeneza meli kubwa ya mvuke kwa ajili ya ziwa. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwa chuo cha walimu kinachoelea. Vijana wangesoma ndani ya meli, na meli ingewafikisha katika vijiji vya kufanyia mazoezi ya kufundisha. Ilipewa jina la Chauncy Maples.

Meli ilitengenezwa mjini Glasgow, Uskochi, kisha ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa Afrika. Vipande vilipita mtoni, kisha vikabebwa na watu pale maporomoko yalipozuia njia. Kigumu kuliko vyote kilikuwa boila, yaani lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya mvuke. Lilikuwa na uzito wa tani nyingi. Haliwezi kufunguliwa wala kugawanywa. Liliwekwa juu ya magurudumu, likavutwa kwa kamba na mamia ya watu, kupanda na kushuka vilima, zaidi ya kilomita 100.

Watu walioivuta walikuwa Wangoni wa Nyasa, ndugu wa wale walioichoma Masasi mwaka 1882.

Mwezi wa Juni 1901 meli iliingia majini. Ilibeba wanafunzi, wagonjwa, vitabu na barua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ilibeba askari. Johnson, yule rafiki wa Oxford aliyeikataa kazi ya Bara Hindi, alisafiri ndani yake mara nyingi akiwa mzee, macho yake yakiwa yamekwisha kuharibika, akishuka kijiji kwa kijiji kusikiliza watoto wakisoma. Alikufa mwaka 1928, akazikwa Liuli, upande wetu wa ziwa.